Pipa la Unga

Jina la Bi Redio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na waokaji wa kiwanda cha mkate, watu wanaoamka kabla ya kila mtu na ambao kwa hiyo hawaoneani huruma kwenye majina. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, dada mkubwa wa mwenye kiwanda, na ofisi yake ilikuwa kichumba chenye dirisha la kioo kati ya matanuri na uwanja wa magari. Mezani alikuwa na simu mbili. Moja ilipokea maneno ya wenye maduka: ongezeni kumi, punguzeni mitano, ya jana ilikuja imepondeka. Ya pili ilikuwa ya kuwapigia madereva watatu waliokuwa njiani, kuwapa maneno hayo. Katikati ya simu hizo mbili palikuwa na mdomo wake, na mdomo huo, kama alivyopenda kusema Hamira, mkuu wa wakandaji unga, ulikuwa haujapata mapumziko ya mwaka hata mara moja.

Nyuma yake, ukutani, palikuwa na ubao. Aliubuni mwenyewe na alijivunia ubao huo kama wengine wanavyojivunia vyeti. Kila dereva alikuwa na safu yake, na kila alipompigia, Bi Redio aliandika simu imelia mara ngapi kabla ya kupokelewa. Mwisho wa mwezi, aliyepokea upesi kuliko wenzake aliokewa mkate mkubwa wa siagi, jina lake limechorwa juu ya ganda kwa ncha ya kisu. Mshindi aliubeba mikononi kama mtoto mchanga, akapigwa picha, akaenda nao kwa mkewe.

Kwa miezi saba mfululizo mshindi alikuwa mmoja. Alikuwa mwanamume mwembamba, baba wa mabinti wawili, mwenye kicheko cha puani kinachoanza kabla kichekesho hakijaisha. Simu yake ilikuwa haijawahi kulia mara ya pili. Wakamwita Mlio Mmoja, naye akaandika jina hilo kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa gari lake. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje mtu anayeendesha gari lenye mikate mia nne anapokea simu upesi kuliko mtu aliyekaa sebuleni kwake ameegesha miguu.

Jumatatu moja, saa moja na nusu asubuhi, duka la kona lilitaka mikate mitano zaidi. Bi Redio akapiga. Mlio mmoja.

"Duka la kona, mitano juu," alisema.

"Mitano juu. Nimekupata, Bi Redio."

Kazi ikawa imekwisha hapo. Lakini Bi Redio hakuwa mtu wa kukata simu ambayo imeshafika.

"Nikupe kisa cha bosi wako?"

"Nipe. Barabara leo imetulia, na hedifoni ziko masikioni. Mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani kama mtu wa mtihani."

"Basi bosi wako, ana miaka sita, anaogopa kuoga kuliko wengine wanavyoogopa nyoka. Siku hiyo mama ameshachemsha maji. Mtoto kaona mvuke, katoweka. Tumemtafuta chini ya vitanda, tumemtafuta kwa majirani. Kumbe kaingia ndani ya pipa la unga, kajifunika, na usingizi umemchukua humo humo. Jioni mama anakuja na bakuli lake kuchota unga. Hajui hili wala lile. Anashika kifuniko. Anakifunua..."

Alisikia kwanza kile kicheko cha puani. Kisha "Ah," neno la mtu aliyekumbuka kwamba kaacha kitu nyumbani. Kisha mbao, bati na chuma. Na mwishoni kabisa mikate ikiporomoka kutoka kwenye trei zake, mmoja mmoja, kwa sauti laini kama ya mtu anayepigapiga mto. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfuata Bi Redio mpaka kitandani wiki nzima.

Habari kamili ilifika baada ya nusu saa. Kwenye kona ndogo, kona ambayo Mlio Mmoja aliipita kila siku ya kazi, gari lilikwenda moja kwa moja kana kwamba kona haikuwepo. Lilipanda baraza la fundi cherehani, likaibana cherehani yake ukutani, likaigawa vipande viwili. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani hiyo miaka kumi na tisa. Asubuhi hiyo uzi wa bluu ulikuwa umemwishia, akainuka kuchukua mwingine ndani. Aliporudi na uzi mkononi, alikuta pua ya gari la mkate imekaa kwenye kiti chake.

Mlio Mmoja alivunjika mkono wa kushoto. Hakuna mwingine aliyeumia. Watu walisema ni bahati, na Bi Redio akaitikia kwa kichwa.

Hospitalini, mdogo wake Bi Redio, ambaye kiwandani kila mtu alimwita Bosi, alimuuliza dereva kilichotokea. Mlio Mmoja akajibu kwamba alisinzia. Bosi aliporudi alisimama kwenye mlango wa kichumba cha dada yake, funguo za gari lililobonyea mkononi.

"Amesinzia, dada. Saa moja na nusu, jua limeshatoka, mtu anasinzia. Jumamosi nitawaita madereva wote, na fundi naye kasema anataka kuja. Nitamwachisha kazi mbele yao. Mtu wa kusinzia simweki tena kwenye gari langu."

Bi Redio alifungua mdomo. Mdomo uliojua kujibu wenye maduka thelathini kabla ya chai haukutoa kitu. Akaufunga.

"Unaumwa?" aliuliza Bosi.

"Kichwa tu," alisema.

*

Siku tatu alikaa hivyo. Aliwapigia madereva wawili waliobaki, akawapa maneno ya maduka na kukata, nao wakadhani amewakasirikia. Hamira alikuja dirishani na mikono yake ya unga, akamwangalia kama anavyoangalia donge lililokataa kuumuka.

"Redio imeisha betri," alisema.

"Niache, Hamira."

"Nimekuacha tangu Jumatatu. Leo ni Alhamisi."

Alhamisi hiyo jioni Bi Redio alifunga mkate kwenye gazeti akaenda nyumbani kwa Mlio Mmoja. Palikuwa na sebule moja, viti viwili na televisheni iliyofunikwa kitambaa. Mwenye nyumba alikuwa amekaa na mkono wake wa plasta ngumu juu ya mto. Binti yake mdogo alikuwa anaichora plasta hiyo kwa kalamu ya rangi, maua na gari lenye magurudumu sita. Mkewe alipokea mkate, akasema asante dada, akaenda jikoni na mtoto. Ni mwanamke aliyejua watu wawili wanapohitaji kuachwa.

"Kwa nini umesema ulisinzia?" Bi Redio aliuliza. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Nilitaka niseme nini? Kwamba nilikuwa nacheka?"

"Ungesema nilikupigia."

"Ulipiga wewe, nikapokea mimi." Alitikisa vidole vilivyochomoza kwenye plasta. "Hakuna aliyenishika shingo nipokee. Tena wewe ni dada yake Bosi. Ningesema, mngegombana nyumbani, na mimi kazi ingeondoka vilevile. Nikaona bora kazi iondoke peke yake."

"Na mabinti zako watakula kiburi chako?"

Hapo alitazama mlango wa jikoni. Bi Redio akakaa sasa.

"Nikuulize kitu ambacho kinaninyima usingizi," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa huangalii barabara?"

"Nilikuwa naangalia, Bi Redio. Hilo ndilo linaloninyima na mimi usingizi. Macho yalikuwa wazi, nayageuza mbele, mkono huu hapa, mkono huu hapa. Lakini nilichokuwa nakiona ni lile pipa. Nilimwona mama yenu kabisa, na bakuli. Niliona na rangi ya kifuniko, na wewe hujaniambia rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Bi Redio akashusha pumzi. Kifuniko kilikuwa cha bluu. Kwa hiyo dereva alikuwa akiendesha gari ndani ya jikoni la watu, akalipaka na rangi yake mwenyewe, huku barabara ikimsubiri nje.

"Na kona?"

"Kona sikuiona kabisa. Niliiona baadaye, nikiwa nimeshaipita."

*

Ijumaa asubuhi, kabla Bosi hajanywa chai, Bi Redio alimweleza yote. Hakujipunguzia. Alieleza mikate mitano, alieleza kisa, alieleza neno lile la "Ah". Bosi alimsikiliza huku anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani.

"Kisa gani?" aliuliza.

"Cha pipa la unga."

"Dada, unawaambia wafanyakazi wangu kile kisa?"

"Mdogo wangu, hebu tuzungumze yaliyo mbele yetu."

Bosi aliweka kijiko. "Haya. Alikuwa na hedifoni?"

"Alikuwa nazo."

"Mikono kwenye usukani, macho mbele. Umesema mwenyewe. Basi simu haina kosa hapo. Mtu anaongea na abiria wake kila siku, gari linakwenda. Huyu alisinzia, na wewe una moyo laini, unataka kubebana naye. Nitawanunulia wote hedifoni nzuri zaidi, mambo yaishe. Simu hatuwezi kuacha. Bila simu yako mkate unachelewa, na mkate ukichelewa unaitwa wa jana."

"Abiria anaiona kona, ananyamaza. Mimi kona siioni. Mimi niko hapa na chai yangu, nasukuma kisa tu."

"Jumamosi saa kumi na mbili, kabla magari hayajatoka," alisema Bosi, akanyanyua kikombe. Maana yake mazungumzo yameisha.

Dada yake alimtazama. Alimjua tangu hana meno. Alijua kwamba ukimwambia moto unaunguza atakuuliza umeupima na nini, na kwamba hakuna kitu alichowahi kukiamini kabla hajakigonga kwa paji la uso. Akainuka, akavaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda kwenye baraza lililovunjika kumwona fundi cherehani.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache yaliyokatwa kwa kipimo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuazima, mbele yake hakuna kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Bosi wako ameshaagiza cherehani nyingine," alisema. "Ametuma mtu aniambie. Mwenyewe hajaja. Mimi sikuwa nataka cherehani tu. Nilitaka mtu aje akae hapo ulipokaa, aniambie imekuwaje. Wewe ndiye wa kwanza."

"Nisamehe, fundi."

 Fundi alivuta futi upande mmoja, akaivuta upande wa pili. "Kesho unanitaka nifanye nini?" aliuliza.

"Usimame tu."

*

Jumamosi, kama kila Jumamosi, Bosi alipakia gari la kwanza kwa mikono yake. Ilikuwa sifa yake. Alianza maisha akisukuma toroli, na alipenda wafanyakazi waone kwamba bado anaweza. Kutoka mlango wa tanuri mpaka uwanjani palikuwa na ujia mrefu, mwangavu, sakafu ya saruji, hakuna hata ngazi. "Hapa napita nimefumba macho," alizoea kusema. Siku hiyo alikuwa na hedifoni mpya masikioni, amezijaribu tangu alfajiri, anatembea nazo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Simu yake ililia. Alikuwa dada yake, akimwangalia kupitia dirisha la kioo.

"Usisimame, mdogo wangu, piga kazi. Mimi naongea tu. Kuna jambo la nyumbani nimekuwa nalificha."

"Jambo gani?" Toroli ilikuwa inakwenda.

"Kuna mtu amekuja kuniposa."

Toroli ilipunguza mwendo, kisha ikaendelea. Hamira, aliyekuwa mlangoni na wakandaji wawili, aliuma kona ya aproni.

"Kukuposa wewe?"

"Kwani mimi nina kasoro gani? Mtu mzima, ana heshima zake. Anasema alinipenda kwa sauti."

"Nani huyo? Namjua?"

"Unamjua sana. Umekula naye meza moja. Hebu fikiri, umekaa naye mwezi uliopita, mkacheka."

Katikati ya ujia, kwenye mwanga, fundi cherehani alikuwa amesimama. Futi ilikuwa shingoni, na mikononi alikuwa ameshika gurudumu la cherehani yake iliyovunjika, kubwa kama sahani. Bosi alikuwa amemkwepa mtu huyu wiki nzima, akipita mtaa wa pili ili asiwe na haja ya kumsalimia. Sasa alimjia uso kwa uso na toroli, akapinda kidogo, akapita.

"Ni yule mwenye duka la vyombo?"

"Siyo."

"Yule mwalimu mstaafu? Dada, yule ana wake wawili."

"Taratibu, unakaribia."

Alipakia, akarudi na toroli tupu. Fundi alikuwa pale pale. Bosi alinyoosha mkono, akamgusa bega kwa adabu. "Samahani, nipishe kidogo," alisema, akaendelea. "Basi nitajie herufi ya kwanza." Akapakia tena, akapita mara ya tatu, jasho la udadisi likimtoka, na fundi akalazimika kuvuta mguu gurudumu la toroli lisimkanyage.

"Simama hapo," alisema Bi Redio kwenye simu. "Geuka nyuma. Umempita nani?"

"Nimempita nani, wapi?"

Akageuka. Ujia mzima ulikuwa umenyamaza. Hata mashine ya kukandia ilikuwa imezimwa. Bosi alimwona fundi, akaona futi, akaona gurudumu. Uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayesoma barua na kugundua inamhusu yeye.

"Fundi," alisema. "Umefika saa ngapi?"

"Nipo tangu mwanzo. Umenipita mara tatu. Ya pili uliniomba nikupishe, tena kwa adabu."

"Na hiyo mikate ya hospitali," alisema Hamira, "umeipakia kwenye gari linalokwenda shuleni."

Bi Redio alitoka kichumbani. Hakucheka, ingawa kwa mtu kama yeye hilo lilimgharimu. "Mikono yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye toroli."

"Macho?"

"Yalikuwa wazi."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Bosi alivua hedifoni, sikio moja, kisha la pili. Alizitazama kwenye kiganja chake. "Nilikuwa namtafuta mchumba wako," alisema.

Hapo ndipo watu walipocheka, wakandaji, madereva wawili, na hata Mlio Mmoja aliyekuwa ameingia kimyakimya na mkono wake wa maua, amevaa shati la kwenda kufukuzwa kazi. Kicheko kilipokwisha, yeye ndiye aliyejitokeza mbele. Alisimama mbele ya fundi.

"Fundi, sikusinzia. Nilidanganya. Nilikuwa napiga soga kwenye simu, nikafika kwako bila kujua nimefika. Kama si ule uzi..."

Hakumalizia. 

"Uliposema ulisinzia," alisema fundi, "niliamua sikai tena barazani. Usingizi wa mtu mwingine mimi nitaufanya nini? Siwezi kumkesheza. Ningeketi pale kila siku nasikiliza magari kwa mgongo. Lakini hili," akaonyesha kwa kidevu zile hedifoni kwenye kiganja cha Bosi, "hili mtu anaweza kuamua kuliacha. Likiachwa, mimi nitarudi kukaa."

Akamkabidhi Bosi lile gurudumu la cherehani. Bosi akalipokea kwa mikono miwili.

Madereva walikuwa wameitwa kushuhudia mtu akiachishwa kazi. Badala yake walishuhudia bosi wao akifuta ubao kwa kitambaa kikavu, safu kwa safu, mpaka miezi saba ya milio ikawa vumbi jeupe kwenye viatu vyake. Mlio Mmoja hakuachishwa. Aliambiwa miezi mitatu hashiki usukani, na kwamba kwa muda huo atamsaidia Hamira kwa mkono mmoja aliobaki nao. Hamira alisema kwamba kwa kasi ya wanaume wa kiwanda hicho, mkono mmoja hautaleta tofauti.

*

Utaratibu mpya ulikuwa mwepesi kuueleza. Hakuna kumpigia dereva. Dereva mwenyewe ndiye atapiga, akiwa ameegesha na injini imezimwa, mara tatu katika safari: sokoni, hospitalini, na kituo cha mafuta. Mpaka hapo, maneno ya maduka yatakaa kwenye daftari.

Kuutekeleza ndiko kulikomtoa Bi Redio jasho. Siku ya kwanza alishika simu mara tisa bila kujua ameishika. Siku ya pili aliikalia. Siku ya tatu jiko la hospitali lilitaka mikate arobaini zaidi, na gari lilikuwa limetoka getini dakika hiyo hiyo, bado anaona vumbi lake. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jina la dereva.

"Ni hospitali, Hamira. Hii si soga. Hii ni mara moja tu."

Hamira hakubishana. Alichukua simu, akaitia kwenye kopo la kuokea mkate, akafunga kifuniko, akalipandisha juu ya rafu anayofikia yeye peke yake. "Atapiga sokoni. Robo saa. Wagonjwa watasubiri mkate robo saa. Wasichohitaji ni dereva wetu kuja kulala kitanda cha pembeni."

Mkate ulichelewa dakika ishirini na tano. Mpishi wa hospitali alilalamika kwa maneno ambayo Bi Redio aliyaandika kwenye daftari, kisha akayafuta kwa heshima ya daftari. Bosi alikuja dirishani amekunja uso, akaona lile gurudumu la cherehani ambalo dada yake alikuwa amelitundika mahali palipokuwa na ubao, akarudi alikotoka.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Bi Redio aliwaeleza wenye maduka kwamba neno lao lifike kabla magari hayajatoka, la sivyo lingoje kituo. Walinung'unika wiki moja. Wiki ya pili wakaanza kuhesabu rafu zao jioni. Mwezi ulipokwisha simu za dharura zilikuwa zimebaki chache mno, na ikajulikana kwamba nyingi hazikuwa dharura hata kidogo. Watu walikuwa wanabadili mawazo kwa sababu walijua kuna mtu atamkimbilia dereva na mawazo yao.

Mwisho wa mwezi huo waokaji walimletea Bi Redio mkate mkubwa wa siagi, umeungua kidogo upande mmoja. Juu ya ganda Mlio Mmoja alikuwa amechora kwa ncha ya kisu, kwa mkono wake mmoja, neno KIMYA. Aliubeba mpaka nyumbani. Njiani watu wawili walimuuliza Kimya ndiye nani.

*

Asubuhi ambayo Mlio Mmoja alirudi kwenye usukani, Bi Redio alifika kazini mapema kuliko waokaji. Plasta ilikuwa imetoka, mkono umebaki mwembamba kuliko mwenzake. Jina juu ya mlango wa gari alikuwa amelifuta, na rangi nyeupe ilibaki kama ukungu. Alipanda, akaitoa simu mfukoni, akaifungia ndani ya sanduku nyuma ya kiti, pamoja na mikate. Kisha akakaa kidogo bila kuwasha.

"Unaogopa?" Bi Redio alimuuliza dirishani.

"Kidogo."

"Vizuri. Kona ni ile ile, haijahama."

Akaondoka. Bi Redio alirudi kichumbani, akaketi mbele ya simu, akaweka mikono chini ya mapaja yake. Alijua dakika ya kila mahali. Sasa yuko daraja dogo. Sasa yuko shule. Sasa yuko kwenye kona. Alisikiliza, ingawa hapakuwa na cha kusikiliza ila matanuri. Duka la kona lilikuwa limesahau tena, limeomba mikate mitano, naye alikuwa amekwisha kuiandika na kuipigia mstari mara nne.

Simu ililia. Akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Injini?" aliuliza.

"Imezimwa. Sikiliza mwenyewe."

Akasikiliza. Alisikia mlango wa duka ukifunguliwa sokoni, ndoo ikiburutwa, na mtu akimuuliza mwenzake habari za asubuhi.

"Umempita fundi?"

"Nimempita. Amekaa barazani, pale pale, na cherehani mpya. Alipoliona gari aliinua futi yake juu hivi. Sikumpungia, nilikuwa kwenye kona. Nitampungia nikirudi, nikisimama."

 Bi Redio akakohoa kikazi. "Duka la kona, mitano juu."

"Mitano juu. Kuna lingine?"

"Hakuna."

"Lipo, Bi Redio. Miezi mitatu mama yenu ameshika kifuniko. Mkono umemfa ganzi. Mwambie afunue."

Alitazama saa ya ukutani. Mikate ilikuwa imewahi kwa dakika sita. Akaegemea kiti.

"Basi akakifunua. Anakutana na sura nyeupe, macho mawili yanamtazama. Mama akapiga ukelele. Mtoto naye, kuona mama anapiga ukelele, akajua kuna jambo la kutisha nyuma yake, akapiga wa kwake. Huyu katokea mlango wa mbele, huyu mlango wa nyuma. Jirani akaja mbio na fimbo kuokoa watu, akakutana na kitu kidogo cheupe kinamkimbilia kinalia, fimbo akaitupa, na yeye akageuza. Mtaa mzima ukakimbia, hakuna anayejua anamkimbia nani. Mpaka tunakusanyika tena, giza limeingia, maji yamepoa, na hakuna aliyekumbuka shughuli ilianzia wapi."

Kile kicheko cha puani kilikuwa kimeanza tangu kwenye fimbo. "Na kuoga?"

"Mpaka leo tunasubiri."

Kicheko kikajaa simu nzima. Bi Redio alikisikiliza mpaka kikaisha chenyewe, na hakuna kitu kilichokuja baada yake ila ile ndoo ya sokoni.

"Kata kwanza simu, uirudishe kwenye sanduku," alisema. "Ndipo uwashe."

Alipogeuka, Bosi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Nilioga siku ile ile," alisema. "Nilioga mwenyewe. Sema ukweli wote."

"Nenda zako, mdogo wangu, nina kazi."

Hakwenda. Alizungusha kikombe, akatazama juu, akatazama chini. "Lakini yule mchumba," alisema, "herufi yake ya kwanza ni ipi?"